Noti Mpya za Juni 1948 na Mwanzo wa Vita Baridi

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, swali la chanzo cha Vita Baridi lilikuwa na jibu moja lililokaririwa na darasa zima: tofauti ya itikadi kati ya ubepari wa Marekani na ukomunisti wa Umoja wa Kisovieti. Hoja hiyo ilitangulia katika orodha ya hoja sita au saba, nami niliiandika kwenye mtihani bila wasiwasi wowote na nikapewa alama zangu. Miaka mingi ilipita kabla sijajiuliza jambo ambalo lingepaswa kunisumbua siku ile ile. Itikadi hizo mbili zilikuwa zimepingana tangu Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, na bado hazikuizuia Moscow kupigana upande mmoja na London na Washington dhidi ya Hitler. Kama imani peke yake ingetosha kuwafanya maadui, wangewezaje kuwa washirika, na kwa nini ushirika huo ulivunjika ndani ya miaka mitatu tu baada ya ushindi?

Nimekuwa nikisoma habari za miaka ile kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ufa ulianzia mahali pasipo na fahari yoyote, yaani kwenye hesabu. Nani atailipa Urusi hasara yake? Makaa ya mawe ya Ujerumani yatakwenda wapi? Nani atawalisha Wajerumani walioshindwa, na kwa fedha ya nani? Hotuba maarufu zilikuja na kupita, lakini maswali hayo yalibaki mezani bila majibu, hadi wiki moja ya Juni 1948 yalipolipuka kwa sababu ya noti mpya. Ndiyo maana katika makala hii nitazipita hotuba hizo haraka, ingawa ndizo zinazopendwa na waandishi wa vitabu vya shule, ili nipate nafasi ya kukaa Berlin.

Tuanze na deni. Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27 katika vita vile, wanajeshi na raia, na sehemu yake ya magharibi ilikuwa imechomwa mara mbili, kwanza na Warusi wenyewe walipokuwa wakirudi nyuma, kisha na Wajerumani walipokuwa wakifukuzwa. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, Stalin alitaka Ujerumani itozwe fidia ya dola bilioni 20, nusu yake iende kwa Wasovieti. Roosevelt alikubali kiasi hicho kiwe msingi wa mazungumzo, ilhali Churchill hakutaka kutaja kiasi chochote, kwa kuwa Waingereza walikumbuka vizuri jinsi fidia zilizotozwa baada ya vita vya kwanza zilivyoiharibu Ujerumani na kuisumbua Ulaya nzima. Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili mwaka huo huo, na Harry Truman akarithi urais pamoja na ahadi ambazo hakuwa ameshirikishwa kuzitoa.

Walipokutana tena Potsdam, kati ya Julai na Agosti, walifikia mwafaka ambao mimi huuona kuwa muhimu kuliko hotuba zote zilizofuata. Kila taifa lingechukua fidia yake kutoka katika kanda ya Ujerumani lililokuwa likiikalia. Kwa kuwa viwanda vingi vizito vilikuwa upande wa magharibi, hasa katika bonde la Ruhr, Wasovieti wangeongezewa asilimia 15 ya mitambo isiyohitajika huko, kwa kubadilishana na chakula, makaa ya mawe na bidhaa nyingine kutoka mashariki, na asilimia 10 nyingine bila malipo. Mkataba huo huo ulisema kwamba Ujerumani itaendeshwa kama uchumi mmoja. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na sijaelewa jinsi mambo mawili hayo yangeweza kukaa pamoja. Anayeng'oa mitambo katika kanda yake na kuisafirisha kwake hawezi wakati huo huo kuendesha uchumi mmoja na jirani anayelazimika kununua ngano ili watu wa kanda yake wasife njaa.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Wasovieti walifungua viwanda skrubu kwa skrubu na kung'oa hata reli, kiasi kwamba njia nyingi zilizokuwa na reli mbili zilibakiwa na moja. Waingereza, ambao kanda yao ilikuwa na Ruhr na miji mikubwa iliyobomolewa kwa mabomu, walijikuta wakiwalisha maadui wa jana kwa fedha waliyoikopa Marekani. Mwezi Julai 1946 serikali ya London iliweka mgawo wa mkate kwa raia wake, jambo ambalo halikufanyika hata wakati manowari za Wajerumani zilipokuwa zikizamisha meli za ngano. Mwingereza wa kawaida alikuwa na haki ya kuuliza ni nani hasa aliyeshinda vita. Mwezi Mei mwaka huo, Jenerali Lucius Clay, aliyekuwa naibu msimamizi wa kanda ya Marekani, alikuwa tayari amesimamisha kupeleka mitambo ya fidia mashariki, akidai kwamba hakuna sababu ya kutoa mali wakati uchumi mmoja ulioahidiwa haupo. Machoni pa Moscow, huo ulikuwa wizi wa haki iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Wakati huo ndipo maneno makubwa yalipoanza kusikika. George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani, alituma telegramu yake ndefu kutoka Moscow mwezi Februari 1946, akieleza kwamba uongozi wa Kisovieti unauhitaji uadui wa nje ili uhalalishe ukali wake wa ndani. Wiki mbili baadaye Churchill, ambaye hakuwa tena waziri mkuu, alizungumza Fulton, Missouri, kuhusu pazia la chuma lililoshuka kutoka Stettin hadi Trieste. Mwezi Septemba balozi wa Kisovieti mjini Washington, Nikolai Novikov, naye alituma telegramu iliyosema kwamba Marekani inataka kuitawala dunia. Zisome telegramu hizo mbili pamoja, na utaona wanadiplomasia wawili wakieleza jambo moja kutoka pande mbili: kila mmoja anaiona hofu ya mwenzake kuwa ni kisingizio, na hofu yake mwenyewe kuwa ni busara.

Nieleweke vizuri. Kutaja hofu ya Stalin hakufuti aliyoyatenda Poland, Romania na Bulgaria, ambako uchaguzi uligeuzwa mchezo na wapinzani wakafungwa au kuuawa. Wapo waandishi wanaoanza na milioni 27 na kuishia kuhalalisha kila gereza. Mimi sina haja ya kwenda huko. Ninachosema ni kwamba ukatili huo ulikuwa ukijulikana Washington na London tangu zamani, na bado serikali hizo ziliendelea kuzungumza na Moscow kwa miaka miwili mizima. Kilichowafikisha mwisho wa mazungumzo kilikuwa Ujerumani.

Majira ya baridi ya 1946 na 1947 yalikuwa makali kupita kiasi. Mito iliganda, majahazi ya makaa ya mawe yakakwama, na viwanda vikafungwa kutoka London hadi Berlin. Tarehe 21 Februari 1947 Uingereza iliiarifu Marekani kwamba haitaweza tena kugharamia Ugiriki, iliyokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wala Uturuki. Truman alikwenda mbele ya bunge tarehe 12 Machi akaomba dola milioni 400, na ili azipate alilipamba ombi lake kwa maneno mazito kuhusu mataifa huru yanayopaswa kusaidiwa kokote yaliko. Hapo kuna somo kuhusu siasa za Marekani: hesabu ya misaada kwa nchi mbili iligeuka tangazo kwa dunia nzima, kwa sababu wabunge wasingeipitisha kama hesabu tu.

George Marshall, waziri wa mambo ya nje, alikaa Moscow wiki sita katika majira yale ya kuchipua akijadili Ujerumani na wenzake bila kufika popote, na Stalin alimwambia kwamba hakuna haja ya kuharakisha. Marshall aliondoka akiamini kwamba Stalin anaungoja tu uchumi wa Ulaya Magharibi uporomoke. Mwezi Juni, katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitangaza mpango wa misaada ambao hatimaye ulifikia dola zipatazo bilioni 13. Mpango huo haukuwafungia mlango Wasovieti, na Molotov, waziri wao wa mambo ya nje, alikwenda Paris na ujumbe wa watu wapatao mia moja kuuchunguza. Alipoona kwamba atakayepokea lazima afungue vitabu vyake vya hesabu na kupanga uchumi wake pamoja na wengine, aliondoka. Chekoslovakia ilikuwa imekwisha kukubali mwaliko, lakini viongozi wake waliitwa Moscow, na waliporudi walikuwa wamekataa. Februari 1948 wakomunisti walishika serikali yote mjini Prague, na tarehe 10 Machi waziri wa mambo ya nje, Jan Masaryk, alikutwa amekufa chini ya dirisha la wizara yake.

Sasa tufike kwenye noti zenyewe.

Fedha ya Ujerumani, Reichsmark, ilikuwa imebaki jina tu. Utawala wa Hitler ulichapa kupita kiasi ili kulipia vita, na baada ya vita bei na mishahara vilibaki vimefungwa kwa amri, hivyo noti zilikuwa nyingi kuliko bidhaa. Mwaka 1944 Marekani iliwapa Wasovieti mabamba ya kuchapia noti za jeshi zitakazotumika na washirika wote ndani ya Ujerumani, na Wasovieti wakachapa kadiri walivyotaka ili kuwalipa askari wao mishahara ya nyuma. Askari huyo wa Kisovieti, mwenye bunda la noti zisizotumika kwao, alimlipa askari wa Kimarekani bei ya ajabu kwa saa ya mkononi, na Mmarekani akazipeleka noti kwa mlipaji wa jeshi zibadilishwe kuwa dola. Wajerumani wenyewe waliacha kuzihesabu noti na wakaanza kuhesabu sigara. Sigara za Kimarekani zilinunua siagi, viatu na makaa ya mawe, na mkulima mwenye viazi hakuwa na sababu ya kuvipeleka sokoni kwa bei ya serikali.

Kila mmoja alikubali kwamba fedha mpya inahitajika. Katika Baraza la Udhibiti la Washirika, chombo cha pamoja cha Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti kilichokuwa na makao yake Berlin, majenerali walibishana kuhusu jambo linalofanana na mzaha: noti zichapwe wapi? Wasovieti walitaka baadhi zichapwe Leipzig, ndani ya kanda yao, na Wamarekani, wakikumbuka mabamba ya mwaka 1944, walisisitiza zichapwe Berlin peke yake chini ya macho ya wote wanne. Mjadala huo ulikwenda na kurudi kwa zaidi ya mwaka. Napenda sana kuufikiria kwa sababu unaonyesha ugomvi wote kwa udogo wake. Mwenye mashine ya kuchapia fedha ndiye mwenye nchi, na kila mmoja alilijua hilo bila kulisema.

Wakati majadiliano yakiendelea, Wamarekani walikwisha kuchapa noti zao kwao nyumbani na kuzipeleka kwa meli hadi Bremerhaven, makasha kwa maelfu, kwa siri kubwa. Noti hizo hazikuwa na jina la benki wala sahihi ya gavana, kwa kuwa benki ya kuzitoa haikuwapo bado na nchi ya kuzitumia haikuwapo pia. Mwanzoni mwa mwaka 1948 Marekani, Uingereza, Ufaransa na majirani wadogo wa Ujerumani walikutana London kupanga serikali ya Ujerumani Magharibi. Tarehe 20 Machi Marshal Vasily Sokolovsky, msimamizi wa kanda ya Kisovieti, aliuliza katika Baraza la Udhibiti kilichoamuliwa huko London, hakujibiwa alivyotaka, akasoma tamko lake na kutoka. Baraza halikufanya kazi tena.

Siku ya Jumapili, tarehe 20 Juni 1948, wakazi wa kanda tatu za magharibi walipanga foleni kuchukua Deutsche Mark 40 kila mmoja. Ludwig Erhard, aliyesimamia uchumi wa kanda za Kimarekani na Kiingereza, aliondoa pia sehemu kubwa ya amri za bei. Walioishi siku zile walikumbuka jambo moja kwa miaka yote iliyofuata: Jumatatu asubuhi madirisha ya maduka yalikuwa yamejaa. Sufuria, viatu, baiskeli na mboga ambazo wiki iliyopita zilisemekana hazipo zilijitokeza kutoka maghalani, kwa sababu wenye mali walikuwa wakingoja fedha yenye thamani. Mtu mwenye akiba benki alipoteza karibu yote, na hilo husahaulika haraka katika masimulizi ya muujiza wa Ujerumani.

Kwa Sokolovsky, noti hizo zilileta hatari iliyokuwa wazi. Reichsmark zilizofutwa magharibi zingemiminika kanda ya mashariki ambako bado zilikubalika, na kuinunua mali yote iliyobaki. Alilazimika kutoa fedha yake kwa haraka, na kwa kuwa noti mpya hazikuwa tayari, noti za zamani zilibandikwa vipande vidogo vya karatasi kama stempu. Tarehe 23 Juni alitangaza kwamba fedha hiyo ndiyo itakayotumika Berlin nzima. Nchi za Magharibi, zilizokuwa na sehemu zao katika mji huo uliogawanywa kati ya washirika wanne, zilijibu kwa kuingiza humo Deutsche Mark zilizogongwa muhuri wa herufi B. Usiku huo huo ilitangazwa kwamba treni za kwenda Berlin zimesimama kwa sababu ya hitilafu za kiufundi. Barabara na mifereji ikafungwa, na umeme uliotoka mitambo ya mashariki ukakatwa. Mji ulikuwa zaidi ya kilomita 160 ndani ya kanda ya Kisovieti, na sehemu zake za magharibi, zenye watu zaidi ya milioni 2, zilikuwa na akiba ya chakula cha siku 36 hivi na makaa ya mawe ya siku 45.

Hapa kuna jambo linaloonyesha jinsi hatima ya watu inavyoweza kutegemea mafaili. Mwezi Juni 1945 Clay na mwenzake Mwingereza walikutana na Marshal Zhukov wa Umoja wa Kisovieti kuzungumzia njia za kufika Berlin, wakakubaliana kwa mdomo kuhusu barabara na reli, bila kuandikiana chochote. Clay mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikosea. Njia za anga, kinyume chake, ziliandikwa katika makubaliano ya Novemba 1945, kwa sababu marubani waliogopa kugongana: njia tatu, kila moja yenye upana wa kilomita 32, kutoka Hamburg, Hanover na Frankfurt. Miaka mitatu baadaye Wasovieti waliweza kufunga barabara wakadai kwamba hakuna mkataba walioukiuka, ila ndege hawakuweza kuzizuia bila kuvunja karatasi yenye sahihi yao na pengine kuanzisha vita. Ofisi ya pamoja ya usalama wa anga mjini Berlin iliendelea kufanya kazi muda wote wa mzingiro, na maofisa wa Kisovieti walikaa humo pamoja na wenzao wakipokea taarifa za safari za ndege zilizokuwa zikiuvunja mzingiro wao.

Clay alitaka kupeleka msafara wenye silaha barabarani. Washington ilikataa, na badala yake tarehe 26 Juni ndege za kwanza zikaondoka, za aina ya C-47, kila moja ikibeba tani tatu hivi. Wataalamu walikadiria kwamba mji unahitaji tani 4,500 kwa siku ili watu waishi tu. Hakuna aliyekuwa ameulisha mji wa ukubwa huo kwa ndege, na hata waliotoa amri walidhani kwamba wananunua muda wa wiki chache za mazungumzo.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa utaratibu, na aliyeuleta alikuwa Jenerali William Tunner, ambaye wakati wa vita alikuwa amesimamia usafirishaji wa mizigo kwa ndege juu ya milima ya Himalaya kuelekea China. Tarehe 13 Agosti alikuwa akielekea Berlin katika hali mbaya ya hewa: ndege moja iliwaka moto uwanjani Tempelhof, nyingine zikaharibika wakati wa kutua, na zilizobaki zikawa zinazunguka angani juu ya mji kwa hofu ya kugongana. Tunner aliamuru zote zirudi, kisha akaweka sheria kwamba rubani akikosa kutua mara ya kwanza, anarudi na mzigo wake alikotoka, bila kuzunguka. Aliwakataza marubani kuingia ndani ya jengo la uwanja, na chakula chao kikaletwa na gari hadi kwenye ndege wakati mizigo ikishushwa. Ndege kubwa zaidi za C-54, zenye kubeba tani zipatazo 10, zilikusanywa kutoka pande zote za dunia, na ukafika wakati ambapo ndege ilitua Berlin kila baada ya dakika chache, usiku na mchana.

Theluthi mbili ya mizigo yote ilikuwa makaa ya mawe. Watu hupenda kumkumbuka rubani Gail Halvorsen, aliyewadondoshea watoto peremende kwa miavuli ya leso, na sioni ubaya wa kumkumbuka, lakini picha ya kweli ya kazi ile ni gunia la makaa ya mawe na vumbi jeusi lililopenya katika kila waya na kila kiungo cha ndege. Viazi vilikaushwa kwanza ili kuokoa uzito. Uliletwa unga badala ya mkate, kwa sababu mkate hubeba maji mengi. Chumvi ilikuwa ikila vyuma vya ndege za kawaida, kwa hiyo Waingereza walitumia ndege za kutua majini, ambazo ziliundwa kustahimili bahari, zikawa zinatua kwenye maji ya mto Havel.

Katika sehemu ya Wafaransa, wakazi, wakiwamo wanawake wengi, walijenga uwanja mpya wa Tegel kwa kutumia vifusi vya nyumba zilizobomolewa vitani, na ndani ya miezi mitatu ndege ya kwanza ikatua. Kulikuwa na minara ya redio iliyotumiwa na kituo kilichosimamiwa na Wasovieti, iliyohatarisha ndege zilizokuwa zikitua. Wafaransa waliomba iondolewe, wakapuuzwa, na mwezi Desemba wakailipua kwa baruti. Wafaransa, ambao kwa miaka mitatu walikuwa wagumu kuliko wote kukubali kuunganisha kanda za Ujerumani, sasa walikuwa wakivunja minara ili Wajerumani wapate unga.

Katika lugha yetu mjadala wa Vita Baridi haukawii kufika kwenye methali ya fahali wawili na nyasi. Mimi huiona kuwa pungufu kwa habari ya Berlin, kwani nyasi husubiri tu kukanyagwa. Wasovieti waliwaambia wakazi wa magharibi kwamba wanaweza kujiandikisha upande wa mashariki na kupata mgawo kamili wa chakula huko, na wengi mno walikataa, wakaishi na umeme wa saa nne kwa siku na vyumba visivyo na joto. Tarehe 9 Septemba mamia ya maelfu walikusanyika mbele ya magofu ya bunge la Reichstag kumsikiliza Ernst Reuter, aliyechaguliwa kuwa meya lakini akazuiwa na Wasovieti kushika wadhifa huo, akiyaomba mataifa ya dunia yautazame mji huo na kutambua kwamba hauwezi kuachwa. Reuter alikuwa mkomunisti katika ujana wake, na alipokuwa Urusi baada ya mapinduzi Lenin na Stalin walimkabidhi kazi miongoni mwa Wajerumani wa Volga. Alijua anaowapinga kuliko Clay alivyowajua.

Haifai pia kuuchora mji uliofungwa kama chupa. Watu walivuka kila siku kwenda sehemu ya mashariki na vijijini, wakarudi na mifuko ya viazi na kuni, na biashara ya magendo ilistawi. Noti za aina mbili zilizunguka mikononi mwa watu wale wale, na mark ya magharibi ilinunua nyingi za mashariki. Kwa maoni yangu, kiwango hicho cha kubadilishana kilikuwa tangazo la kila siku lililoiumiza Moscow kuliko redio yoyote ya Marekani. Nchi za Magharibi nazo zilisimamisha kupeleka makaa ya mawe na chuma kutoka Ruhr kwenda kanda ya mashariki, na viwanda vya huko vikaanza kuyumba. Mzingiro ulikuwa wa pande mbili, ingawa tunausimulia kama wa upande mmoja.

Mabalozi wa Magharibi walipomwona Stalin mwezi Agosti 1948, sharti lake lilikuwa hilo hilo la mwanzo: noti za magharibi ziondolewe Berlin. Mwishoni mwa Januari 1949 alijibu maswali ya mwandishi wa habari wa Kimarekani kuhusu masharti ya kufungua njia, na safari hii hakutaja fedha hata kidogo. Wasomaji wengi hawakuliona hilo. Washington iliona. Mwezi Februari mwanadiplomasia wa Marekani Philip Jessup alimuuliza mwenzake wa Kisovieti katika Umoja wa Mataifa, Yakov Malik, kama neno hilo lilikuwa limesahaulika, na mwezi mmoja baadaye Malik alirudi na jibu kwamba halikuachwa kwa bahati mbaya.

Katika mazungumzo ya siri yaliyofuata, kila upande ulijua mwenzake amekwisha kupata nini. Tarehe 4 Aprili nchi 12 zilitia sahihi mkataba wa NATO mjini Washington. Kati ya tarehe 15 na 16 Aprili marubani wa Tunner walileta karibu tani 13,000 ndani ya saa 24, kwa safari 1,398. Usiku wa tarehe 12 Mei 1949 barabara zilifunguliwa, na tarehe 23 Mei katiba ya Ujerumani Magharibi ikatangazwa, jambo lile lile ambalo mzingiro ulikusudiwa kulizuia.

Ndege hazikusimama siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyeiamini ahadi ya mwenzake, na kwa miezi minne zaidi ziliendelea kuyajaza maghala ya Berlin. Kwa jumla zilifanywa safari zipatazo 277,000 na kufikishwa tani zipatazo milioni 2.3, kwa gharama ya maisha ya watu 101. Safari ya mwisho ilifanyika tarehe 30 Septemba. Wiki moja kabla ya hapo Truman alikuwa ametangaza kwamba Wasovieti wamelipua bomu lao la atomiki, na asubuhi iliyofuata safari hiyo ya mwisho, Mao Zedong alikuwa akijiandaa kusimama kwenye lango la Tiananmen mjini Beijing kutangaza China ya kikomunisti.